MAWE MEUSI YA MADINA

Nje ya Madina kuna nyanda za mawe meusi, ziitwazo harra. Ni lava iliyoganda. Wataalamu huigawa miamba ya moto kwa kiasi cha silika (si silika ya tabia, bali madini yaliyomo katika mchanga na kioo). Itale, jiwe la rangi nyeupe-nyeupe, ina zaidi ya asilimia 63. Basalti, ndiyo ya harra, ina asilimia 45 hadi 52 tu. Chuma chake ni kingi, hivyo ni nyeusi.

Lava yenye silika nyingi ni nzito mithili ya ugali. Yenye kidogo hutiririka kama uji. Mwaka 654 Hijria (1256) ilitiririka kiasi cha kilomita 23. Watu wa Madina walikesha Msikitini wakiomba. Ikapita mashariki, kuelekea kaskazini, mji ukasalimika.