Utangulizi: Sakafu ya Karakana ya Nyumbani, Shinyanga na Geita

Fundi anayechomelea milango nyuma ya nyumba yake Katoro, anayefungua injini za karasha Kahama au anayetengeneza pikipiki Shinyanga mjini, wote hujiuliza: karakana yangu niiwekee sakafu gani? Wengi huanzia dukani, kwenye rangi na vigae. Elimu ya sakafu huanzia chini ya ardhi.

Wasukuma wanajua tangu zamani kwamba udongo hubadilika kadiri unavyoteremka kilima: juu luseni, yenye mchanga mwepesi, bondeni mbuga, nyeusi na nzito. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani, alijenga juu ya mpangilio wa namna hiyo nadharia inayofundishwa hadi leo. Kwa mwenye karakana jambo hili ni zito. Mbuga hufura wakati wa mvua, na kiangazi husinyaa ikaacha nyufa za kupitisha mkono. Jamvi lililomwagwa juu yake bila maandalizi hupasuka, na kigae cha bei ghali hupasuka nalo. Dawa ni kuuchimba udongo mweusi na kuutoa, kujaza moramu na kuishindilia tabaka kwa tabaka, kisha kuyaelekeza maji ya mvua mbali na msingi.

Juu ya moramu hutandikwa nailoni ya kuzuia unyevu, halafu zege: saruji ndoo moja, mchanga mbili, kokoto nne. Limwagiliwe maji siku 7 bila kukosa. Jua la Shinyanga likiliwahi kabla halijakomaa, zege hilo litatoa vumbi kila likifagiliwa.

Kwenye umaliziaji, kazi yako ndiyo inayoamua. Cheche za kuchomelea hutoboa kapeti la plastiki. Nyundo ikianguka huvunja kigae. Zege tupu hunywa oili. Niru iliyopigwa vizuri huwatosha wengi. Rangi ya epoksi huzuia oili, ila haishiki penye unyevu. Pima hivi: bandika kipande cha nailoni sakafuni, ziba kingo zote kwa selotepu, kiache hadi kesho yake. Ukikuta matone upande wa chini, usipake.

Katika ukanda huu wa dhahabu, ambako wengine huchomea dhahabu yenye zebaki nyumbani, sakafu ni suala la afya pia. Zebaki ikimwagika hugawanyika vitone, vikajificha kwenye nyufa na kuendelea kutoa mvuke usioonekana wala kunukia, nao watoto wa nyumba hiyo huuvuta. Mkataba wa Minamata wa 2013 unataka uchomaji wa dhahabu yenye zebaki ukomeshwe kwenye makazi. Hakuna sakafu inayoweza kuifanya kazi hiyo iwe salama nyumbani.

Sura zinafuata mtiririko huu: udongo, zege, umaliziaji, afya. Hata mwenye sakafu iliyokwisha kupasuka aanze na ya kwanza. Akiziba ufa bila kujua udongo ulio chini yake, mvua zijazo zitaufungua tena.