"Duty" si "tax": Maneno pacha yanayowagharimu wafanyabiashara mpakani

MFANYABIASHARA anafika Namanga na katoni za sabuni iliyotengenezwa Nairobi. Amesikia kwamba bidhaa za nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni "duty free", hivyo bei yake ya Arusha ameipanga bila kuiwekea Serikali hata senti. Dirishani anapewa hati ya malipo, na mara moja anaamini ametapeliwa.

Huenda hajatapeliwa. Amechukua neno moja la Kiingereza akalipa maana ya jingine.

Mkataba wa Jumuiya uliotiwa saini Arusha Novemba 30, 1999 ulikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi, huku Kiswahili kikitajwa kuwa lugha ya mawasiliano itakayoendelezwa. Matokeo yake, watu hupatana bei kwa Kiswahili, kisha hujaza fomu kwa Kiingereza.

Kwenye fomu hizo, "duty" ni ushuru wa forodha unaotozwa bidhaa kwa kuingia nchini. "Tax" ni neno pana zaidi, na ndani yake imo Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT). Cheti cha uasili wa bidhaa huondoa ushuru wa forodha, hakiondoi VAT. Kwa sabuni ya dola 1,000 za Marekani inayoingia Tanzania Bara, ambako kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 18, hesabu ya thamani hiyo pekee ni dola 180. Kwa mchuuzi mdogo, hiyo yaweza kuwa faida yote ya safari.

Kiswahili chenyewe nacho huongeza utata. Nchini Kenya, watu huita karibu kila tozo ya Serikali "ushuru". Nchini Tanzania, neno la jumla ni "kodi", na ushuru ni aina fulani tu ya tozo. Mkenya akimwambia mwenzake wa Tanzania kwamba mzigo "hauna ushuru", wawili hao wanaweza kuachana kila mmoja akiwa na hesabu yake kichwani.

Pacha wa pili ni "country of origin" na "country of export". La kwanza huuliza bidhaa ilizalishwa au kutengenezwa wapi. La pili, imesafirishwa kutoka wapi. Chupa za chai zilizotengenezwa China na kununuliwa Kampala zinasafirishwa kutoka Uganda, lakini asili yake ni China. Kuvuka nazo Busia hakuzifanyi kuwa za Uganda, na cheti cha uasili hakizihusu.

Kosa hapa si dogo. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, kutoa maelezo ya uongo kwa forodha ni kosa la jinai. Aliyeandika "Uganda" kwa kudhani anaulizwa alikonunua anaweza kujikuta akijieleza kama aliyekusudia kudanganya.

Kwa wenye mizigo midogo, Jumuiya ina cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani. Ni kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, na thamani ya shehena isizidi dola 2,000. Zaidi ya hapo huhitajika cheti cha kawaida, ambacho ni vyema kukitafuta kabla ya kupakia.

Waliosajiliwa VAT wana pacha wao pia: "exempt" na "zero-rated". Katika hali zote mbili mnunuzi hatozwi VAT. Lakini muuzaji wa bidhaa ya "zero-rated" anaweza kudai kodi aliyolipa kwenye manunuzi yake, ilhali wa "exempt" hawezi.

Wafanyabiashara wengi humwachia wakala kila kitu, na vishoka hustawi hapohapo, kwa kuwa asiyejua "duty" ni nini hawezi kujua kama ametozwa mara mbili. Kinga yake ni maswali matatu kabla ya kutoa fedha: Hii ni ushuru wa forodha au kodi ya ndani? Fomu inauliza nilikonunua au bidhaa ilikotengenezwa? Na stakabadhi ya kila tozo iko wapi?

Maswali hayo yanaulizika kwa Kiswahili, na afisa wa upande wowote wa Namanga anayaelewa.