Kahawa ya Ziwa Kivu: bei yapanda, pesa haifiki kijijini

Mwezi Februari 2025, bei ya kahawa ya arabika kwenye soko la New York ilivuka dola 4 kwa ratili, karibu dola 9 kwa kilo. Haikuwa imewahi kufika hapo. Karibu wakati huohuo, benki za Goma na Bukavu zilifunga milango baada ya miji hiyo kuingia mikononi mwa M23. Kwa mkulima wa Kalehe au wa kisiwa cha Idjwi, ambaye mavuno yake makubwa huanza mwezi wa tatu, mambo hayo mawili yalifika pamoja: kahawa yake ilikuwa imepata thamani kubwa, na kooperative iliyopaswa kuinunua haikuwa na noti za kumlipa.

Kando ya Ziwa Kivu, watu hawali kahawa. Wanakula mihogo, maharage, ndizi na sambaza. Kahawa ndiyo inayolipa masomo ya watoto, dawa za hospitali, mabati ya nyumba. Zamani ndizi za pombe zilisaidia kuingiza pesa kila juma, lakini ugonjwa wa mnyauko ulioonekana Masisi mwaka 2001 ulisambaa hadi Kivu ya Kusini na kuua migomba mingi. Tangu hapo, familia nyingi zimebaki kutegemea miti michache ya kahawa nyuma ya nyumba.

Miti yenyewe imezeeka. Mwaka 1973, Rais Mobutu alipotangaza kwamba mali za wageni zirudi mikononi mwa Wazaire, mashamba makubwa yalipewa watu ambao wengi wao hawakujua kuyaendesha. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawia kila nchi kiasi cha kahawa ya kuuza ulivunjika, na bei ikaanguka. Vita vya 1996 na 1998 vilikuta zao hilo tayari limelala. Nchi iliyokuwa ikiuza nje zaidi ya tani laki moja kwa mwaka ikashuka hadi sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Mwaka 2001, ratili ya arabika ilipouzwa chini ya senti 50 za dola, wapo waliong'oa mikahawa na kupanda mihogo. Nani angewalaumu?

Waliobaki na miti yao walitafuta njia nyingine, nayo ilikuwa majini. Usiku, kahawa iliyomenywa kwa mawe au kwa kinu, ikakaushwa chini kwenye udongo, ilipakiwa kwenye mitumbwi na kuvushwa hadi Rwanda. Huko ilibadilishwa kwa pesa kidogo, sabuni, chumvi au mafuta. Wengi walizama, kwa dhoruba au kwa kuwakimbia askari wa doria. Vijiji vya Minova na Idjwi vina wajane ambao waume zao walikwenda na gunia la kahawa na hawakurudi. Serikali iliita jambo hilo magendo, na kwa sheria ilikuwa kweli. Lakini upande wa Congo kulikuwa na vibali vingi, kila ofisi ikidai yake, na mnunuzi mwenye mizani ya haki hakuwepo.

Kilichobadilisha hali hiyo ni kituo cha kuoshea kahawa. Mwaka 2003 wakulima wa Minova waliunda kooperative ya SOPACDI, na baadaye nyingine zikafuata pande zote za ziwa. Mkulima haleti tena kahawa kavu. Analeta serize, yaani matunda mabivu mekundu, siku ileile aliyochuma. Kituo kinayamenya kwa mashine, kinaziacha mbegu zichachuke ndani ya mabeseni, kinaziosha kwa maji safi, halafu zinaanikwa juu ya meza za wavu. Wanawake hukaa kando ya meza hizo siku nzima wakichambua mbegu mojamoja, kwa sababu mdudu aitwaye antestia huweza kuacha ladha ya kiazi kibichi, na mbegu chache tu zinatosha kuharibu birika zima. Kilo sita au saba za serize hutoa takriban kilo moja ya kahawa iliyo tayari kusafiri. Kahawa iliyokuwa ikichanganywa na ya jirani na kupoteza jina, sasa inauzwa Ulaya na Marekani kwa jina la Kivu.

Lakini mpango huo una sehemu moja dhaifu. Serize haingoji. Ikilala usiku kucha kwenye gunia inaanza kuchacha na kuharibika, kwa hiyo kituo kinapaswa kuinunua leo, kwa pesa taslimu, wakati mnunuzi wa ng'ambo ya bahari atalipa miezi kadhaa baadaye. Kati ya siku hizo mbili, kooperative inaishi kwa mkopo. Benki zilipofungwa, mkopo ulikatika, na pesa ya mauzo ya msimu uliopita haikuwa rahisi kuitoa. Watu walikimbilia pesa za kwenye simu, lakini wakala naye anahitaji noti, na noti zilipokuwa haba alipandisha asilimia yake. Franka zilizobaki Goma zilichakaa hadi baadhi ya wauzaji wakazikataa. Juu ya hayo, barabara ya taifa nambari 2, inayounganisha Bukavu na Goma kupitia Kalehe na Minova, ni mbaya hata wakati wa amani. Mafuriko ya Mei 2023 yaliyoua mamia ya watu Bushushu na Nyamukubi yalionyesha jinsi milima hiyo ilivyo hatari mvua inapozidi.

Hapo ndipo mfanyabiashara mwenye noti mfukoni anaporudi. Anafika kabla ya mavuno, kahawa ikiwa bado maua, na kumlipa mama mwenye mgonjwa nyumbani bei anayoitaka yeye. Mavuno yakifika, serize si za mama tena. Ni mkopo wa bei ghali sana, ingawa hakuna anayeuita hivyo.

Wanawake ndio wanaoumia zaidi. Wanapalilia, wanachuma, wanabeba, lakini kwa desturi shamba ni la mume au la baba mkwe. Kisiwani Idjwi, Marceline Budza, aliyeanzisha shirika la Rebuild Women's Hope mwaka 2013, aliwakusanya wanawake wakulima wauze kahawa kwa majina yao wenyewe. Jina la mwanamke likiwa kwenye daftari la kituo, malipo yanapita mkononi mwake. Ni jambo dogo likitazamwa kutoka Kinshasa. Nyumbani ndilo linaloamua kama msichana atarudi shuleni mwezi wa tisa.

Kuna mlango mwingine unaofunguka polepole. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria, ambayo utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, kwamba kahawa itakayoingia huko isitoke kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kila shamba lazima lionyeshwe mahali lilipo kwenye ramani. Kwa Kalehe, inayopakana na mbuga ya Kahuzi-Biega, wengi waliisikia kama tisho. Lakini kwa shamba lisilozidi hekta 4 inatosha alama moja tu ya GPS, na mashamba mengi ya huku hayafiki hata hekta moja. Kooperative yenye kijana mmoja, simu moja na orodha safi ya wanachama inaweza kuifanya kazi hiyo, mradi kijana huyo apate njia ya kufika kijijini na kurudi salama.

Mnunuzi wa usiku ufukweni haulizi ramani. Anauliza kilo ngapi, na mtumbwi unaondoka saa ngapi.