Athari za Kelele Nasibu katika Saketi zenye Keosi: Ufafanuzi kwa Mfano wa Kituo cha Hale

Kituo cha kufua umeme cha Hale, wilayani Korogwe, kilianza kazi mwaka 1964 kikiwa na mitambo miwili ya megawati 10.5 kila mmoja, inayozungushwa na maji ya Mto Pangani. Jenereta iliyounganishwa na gridi ni sehemu ya saketi isiyo ya mstari, kwa kuwa nguvu inayopelekwa gridini hufuata saini ya pembe ya rota. Kopell na Washburn walionesha mwaka 1982 kwamba milinganyo ya kuyumba kwa jenereta zilizounganishwa inaweza kuzaa keosi, yaani mwenendo unaofuata kanuni kamili lakini usiotabirika kwa muda mrefu. Hale inatajwa hapa kama mfano wa mfumo wa aina hiyo. Haidaiwi kuwa keosi imebainika kituoni.

Kelele nasibu haiepukiki. Joto huchezesha elektroni katika kila rezista, kama Johnson na Nyquist walivyoeleza mwaka 1928. Kituoni huongezeka msukosuko wa maji na mabadiliko ya matumizi ya wateja. Katika saketi ya mstari iliyo tulivu, kelele ndogo huzaa kosa dogo. Katika keosi, kosa hukua kwa kuzidishwa. Likikua kwa kasi ya 0.5 kwa sekunde, kupunguza kelele mara kumi huongeza muda wa utabiri kwa sekunde 4.6 tu.

Athari ya pili ni nzito zaidi. Katika saketi ya Chua, iliyobuniwa mwaka 1983, hali mbili zinaweza kuwepo kwa vipimo vilevile vya rezista, koili na kapasita. Kelele huirusha saketi kutoka hali moja hadi nyingine. Kwa jenereta, mpaka unaolingana na huo hutenganisha kuyumba kunakotulia na kupoteza ulinganifu na gridi, jambo linalolazimu vifaa vya kinga kuitenga. Hesabu isiyo na kelele inaweza kuonesha usalama karibu na mpaka ambao kelele ingeuvusha mtambo.

Kwa hiyo, usalama wa mfumo wa namna hii upimwe kwa uwezekano wa kuvuka mpaka katika muda maalumu, pamoja na umbali kutoka mpakani. Vilevile, rekodi ya volteji isiyo na mpangilio haitoshi kuthibitisha keosi, kwani kelele peke yake huweza kutoa sura hiyohiyo.