Fahamu: Askofu aliyelikaribisha jando kanisani

Likizo za shule zinapofika, ngoma za jando na unyago hulia Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa Tanzania, na mjadala hurudi: je, Mkristo ampeleke mwanawe?

Swali hilo lilimkabili William Vincent Lucas, mmisionari Mwanglikana wa shirika la misheni la UMCA aliyefanya kazi Masasi. Mwaka 1926 dayosisi mpya ya Masasi ilipokatwa kutoka ile ya Zanzibar, yeye akawa askofu wake wa kwanza, hadi 1944.

Wamisionari wengi wa enzi zake walitaka mila hizo zifutwe kabisa. Lucas aliona hatari. Kwa Wamwera, Wamakua na Wayao, asiyepita jandoni hakuhesabiwa mtu mzima, hata awe na mvi. Kumkataza kijana kulikuwa kumtenga na ukoo wake. Basi jando likabaki na kambi yake porini, tohara yake, mafunzo yake na shangwe za kurudi nyumbani, ila mapadri wakawa wasimamizi, sala zikachukua nafasi ya matambiko, na yaliyopingana na imani yakaondolewa. Mapadri Waafrika, waliokuwa wamepita jandoni wenyewe, ndio waliojua kipi kibaki. Kwangu, sifa ni yao pia.

Kwa wasichana mambo yalikuwa magumu zaidi. Unyago ni siri ya wanawake, chini ya makungwi, na padri mwanamume hakuwa na mlango wa kuingilia.

Lucas alilitetea jaribio hilo la jando la Kikristo kwa maandishi, na wanahistoria, akiwemo Terence Ranger, wamelichambua kwa kina.