Mgeni Kaja, Mwenyeji Kaugua: Mtandao wa Picha Unapobadilishwa Sura

Kwenye kipindi kilichopita tuliongea habari za picha za zamani za familia, na mwishoni nikagusia kidogo namna mitandao ya picha inavyobadilishwa sura bila ya wanachama kuulizwa. Voisi zilizoingia baada ya hapo, skwambii. Kuna watu wana hasira ya miaka kumi na kitu, hawajasahau. Nikaona jambo hili halitoshi dakika tatu za kufungia kipindi, bora nikae niliandike.

Wengi wenu mlitaja Flickr, basi tuanzie huko, kwa sababu kisa chake kiko wazi na kila mtu anaweza kukifuatilia.

Flickr ilizinduliwa Februari 2004 mjini Vancouver, Kanada, na kampuni ndogo ya Ludicorp, ya Stewart Butterfield na Caterina Fake. Wenyewe walikuwa wanatengeneza mchezo wa kompyuta. Mchezo haukufika mbali, lakini kile kipande cha kutumiana picha ndicho kilichowatoa. Machi 2005 Yahoo wakainunua. Mwanachama wa kulipia alitoa dola 24.95 kwa mwaka. Wa bure alipandisha picha zake, lakini zilizoonekana ni 200 za mwisho tu.

Sasa, watu hawakuipenda Flickr kwa sababu ya kuhifadhi picha tu. Hata kabati linahifadhi picha. Walichokipenda ni mazungumzo. Kulikuwa na makundi ya kila kitu: milango ya zamani, majahazi, treni, paka. Kulikuwa na lebo, ukiandika jina la mji unapata picha za mji huo kutoka kwa watu usiowajua. Na kulikuwa na vidokezo: unachora kiboksi juu ya uso wa mtu ndani ya picha, unaandika, huyu fulani bin fulani. Mwingine akipitisha kishale juu ya uso ule, jina linatokea.

Maktaba ya Bunge la Marekani waliuona utamu wa jambo hili. Januari 2008 wakaweka picha zao zaidi ya 3,000 kwenye mpango mpya wa Flickr ulioitwa The Commons, wakawaambia watu: tusaidieni. Na watu wakasaidia kweli. Mmoja anajua duka lile lilikuwa mtaa gani, mwingine anamtambua mcheza besiboli, mwingine anasahihisha mwaka. Maktaba ikarekebisha kumbukumbu zake kwa maneno ya watu ambao haijapata kuwaona. Hii si picha tena, hii ni baraza. Mzee anapita, anasimama, anasema analolijua, anaendelea na safari yake.

Ikafika tarehe 20 Mei 2013. Wanachama wakafungua Flickr, wakaona nyumba ngeni. Ule uwazi mweupe kuzunguka kila picha umeondoka. Picha zimebanwa ubavu kwa ubavu, ukuta mzima, na ukishuka chini hakuna mwisho, zinaendelea tu kujipakia. Jina la picha na maelezo yake hayaonekani mpaka upitishe kishale juu yake. Kwenye kompyuta za zamani na intaneti dhaifu, ukurasa unakokota. Na hakuna kitufe cha kurudi kwenye sura ya zamani.

Kwa upande mwingine Yahoo walitoa zawadi nono: terabaiti moja ya nafasi, bure, kwa kila mtu. Lakini hapo hapo wakaacha kuuza ule uanachama wa kulipia kwa wapya, na aliyetaka kukaa bila ya matangazo akaambiwa dola 49.99 kwa mwaka. Mkuu wa Yahoo wakati ule, Marissa Mayer, akiulizwa kuhusu uanachama huo wa Pro, akajibu kwa maneno yaliyomaanisha kwamba siku hizi hakuna tena mpiga picha wa kazi, kwa kuwa kamera ziko kila mahali. Baadaye aliomba radhi, lakini neno likitoka limetoka. Malalamiko yakaja kwa maelfu.

Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni kaja, mwenyeji kaugua. Sura mpya ilitengenezwa kwa ajili ya mgeni, yule kijana ambaye hajawahi kufungua akaunti, na aliyekaa miaka minane akilipa ada ndiye aliyepoteza njia ndani ya nyumba yake.

Mtu anaweza kuniambia: wewe nawe, hao ni watu wa kulalamika tu. Na kweli, ukitazama nyuma, hawakuanza siku ile. Mwaka 2007 wanachama wa mwanzo walilazimishwa kuingia kwa akaunti ya Yahoo, wakapiga kelele. Aprili 2008 ziliporuhusiwa video za sekunde 90, wakaunda makundi ya kupinga video. Flickr haikufa kwa video.

Ndiyo maana mie nayagawa malalamiko haya mafungu matatu. La kwanza ni la jicho: rangi siipendi, maandishi madogo, imekuwa kama duka la simu. Hili linapoa baada ya mwezi. La pili ni la mkono: kitufe kilikuwa kulia, sasa kiko wapi? Hili nalo linakwisha, mkono unajifunza, ingawa kwa wazee wetu linachukua muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. La tatu ni la kumbukumbu: kitu nilichokiandika, au nilichoandikiwa, hakipo, au kipo lakini hakina maana tena. Hili haliponi. Na tatizo la kampuni nyingi ni kwamba likija wimbi la malalamiko, wanayaweka yote kwenye fungu la kwanza. Watazoea, wanasema.

Niwape mfano wa hilo fungu la tatu kutoka kwetu. Mtandao wenyewe sitautaja, na si Flickr.

Ami yangu yuko Leicester, mstaafu, aliendesha basi miaka mingi. Tangu 2009 alikuwa anaskani picha za Unguja anazoletewa na watu na kuzipandisha. Nyingine za harusi, nyingine za mpira, nyingine zina muhuri wa Capital Art Studio nyuma, ile studio ya Mji Mkongwe iliyofunguliwa 1930. Yeye anaweka picha, na watu wanakuja kuzisemea: kutoka Muscat, Dubai, Toronto, Mombasa, na Unguja kwenyewe. Sisi tuliozaliwa huku tulikuwa tunasoma tu kimya kimya. Nimewajua ndugu wa babu yangu kwa njia hiyo, si kwa njia nyingine.

Kuna picha moja ya darasa la skuli, mwaka 1961, watoto 31. Kwa miaka minne wazee walikuwa wanaokoteza majina, moja moja, kwa vile viboksi na kwa maoni chini yake. Walifika 27. Bi mkubwa mmoja wa Muscat peke yake alitaja tisa, na kila jina akaliwekea mtaa na jina la mama.

Siku moja mtandao ukabadilishwa sura. Ami akanipigia simu saa nne usiku, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mwanangu, nani kafuta watu?"

"Watu gani, ami?"

"Watu. Majina. Picha ipo, watu hawapo."

Nikafungua. Viboksi vyote vimeondoka. Maoni yapo, lakini yamekunjwa, yanaonekana mawili tu ya mwisho, na yote mawili ni mashallah. Ukiyafungua, mpangilio umegeuzwa, la mwisho ndilo la kwanza, na majibu yameachana na maswali yake. Mtu kaandika, "Huyo ni mdogo wake." Mdogo wake nani? Mwingine kaandika, "Wa tatu kutoka kushoto ni marehemu mjomba." Lakini kwenye simu, picha sasa inakatwa iwe mraba, na wawili wa ukingoni hawaonekani. Kwa hiyo anayehesabu watatu kutoka kushoto anamfikia mtoto wa watu wengine kabisa.

Mnaona hatari yake? Hakuna aliyefuta neno hata moja katika lile sentensi. Imehamishwa tu, na kwa kuhamishwa imekuwa uongo. Mjukuu akiisoma kesho atamlilia asiye wake.

Tuliandika kuomba vidokezo virudishwe. Jibu likaja la heshima, likatushukuru kwa maoni yetu. Wazee wakajaribu mara mbili tatu kuingia, wakaona tabu, wakaacha. Bi mkubwa wa Muscat hakurudi tena, na miezi minane baadaye tukasikia amefariki, Mungu amrehemu. Majina manne yaliyobaki, mimi naamini angalau moja alikuwa nalo.

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hao wenye mitandao nao wana kunguni wao. Ukumbi wa picha ni ghali: seva, umeme, watu wa kuulinda. Instagram ilipotoka Oktoba 2010 dunia ikahamia kwenye simu, na mtandao uliotengenezwa kwa ajili ya kompyuta ya mezani ulikuwa lazima ubadilike au ufe. Sura ya Flickr ya kabla ya 2013 ilikuwa imeanza kuchakaa, hilo hata waliokuwa wakiipenda walikiri. Na wengine waliifurahia sura mpya, picha zao zilionekana kubwa kwa mara ya kwanza.

Na ile zawadi ya terabaiti nayo haikudumu. Aprili 2018 Flickr ilinunuliwa na SmugMug, kampuni ya familia. Novemba mwaka huo ikatangazwa kwamba akaunti ya bure mwisho wake ni picha na video 1,000, na zinazozidi zitafutwa, zikianza zilizopandishwa zamani kabisa. Picha za The Commons na zile zilizokuwa tayari na leseni huru za Creative Commons ziliachwa. Mwishoni mwa 2019 mkuu wake, Don MacAskill, akawaandikia wanachama barua ya wazi kwamba Flickr bado inapoteza pesa, akaomba watu walipie. Mie barua ile niliiheshimu. Angalau ilikuwa mtu anaongea na watu. Hata vile vidokezo vya kwenye nyuso, ambavyo Flickr ilikuwa imeviondoa ilipotengeneza upya ukurasa wa picha, vilirudishwa baada ya wanachama kuvililia. Kwa hiyo msiseme malalamiko hayana kazi. Yana kazi yakisema wazi ni kitu gani kimepotea.

Kwetu sisi tuliozaliwa nje jambo hili lina uzito wake. Aliyeko Unguja picha ikipoteza jina anatoka nje, anamuuliza jirani. Sisi jirani yetu ni huo mtandao. Ukuta wake ukipakwa rangi upya na majina yakafunikwa, hatuna mlango mwingine wa kubisha.

Basi tufanye nini? Haya ndiyo tuliyoyafanya sisi, na mengine nimeyajifunza njiani.

Kwanza, omba data yako kabla hujahitaji. Tangu 25 Mei 2018 sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data inakupa haki ya kupewa data yako katika muundo unaosomeka na kompyuta, na Uingereza imeibakisha haki hiyo baada ya kutoka Umoja wa Ulaya. Lakini jihadhari, maoni ya watu wengine chini ya picha yako yanaweza yasije yote. Hayo yanakili wewe mwenyewe, pamoja na jina la aliyesema na tarehe.

Pili, andika ndani ya faili yenyewe. Faili ya picha ina nafasi ya maelezo ndani yake, kwa kiwango kinachoitwa IPTC, na programu nyingi za picha zinakuruhusu kuijaza. Mitandao mingine huyafuta maelezo hayo ukipandisha, kwa hiyo nakala ya asili ikae kwako, na nyingine kwa ndugu.

Tatu, usihesabu kutoka kushoto tu. Sema safu ya ngapi, kavaa nini, kashika nini. Picha ikikatwa, maneno yako yatabaki yanasimama.

Nne, ile ya karatasi iandike nyuma kwa penseli laini, usitumie bolipeni. Penseli haihitaji nywila.

Tano, rekodi. Mimi na ami tulikaa dakika tisini na ile picha ya darasa mezani, na simu ikirekodi. Yeye anaonyesha uso, anataja, mimi natia namba. Tuliwapata wote 27, na mmoja zaidi aliyemkumbuka akiwa katikati ya kunywa chai. Wamebaki watatu.

Wiki hii chagua picha moja tu, mpigie simu mkubwa wako mmoja, na umuulize majina. Kisha tutumie voisi, tutaweka kwenye kipindi kijacho, na nakala mtabaki nayo wenyewe.