KASUKU NYUMBANI BILA TUNDU

Leo tuzungumze habari za kasuku. Nasema yule kasuku wa kijivu, mwenye mkia mwekundu na mdomo mweusi uliopinda kama ndoana. Huyu ni bingwa wa kuiga maneno ya watu. Makao yake ni misitu mikubwa ya Afrika, kuanzia Afrika Magharibi, kupita Kongo, mpaka Uganda na upande wa magharibi wa Kenya. Kwetu Tanzania yuko mkoani Kagera, katika msitu wa Minziro ulio mpakani na Uganda.

Watu wengi wanaofuga kasuku humweka ndani ya tundu la chuma. Wengine humfunga mnyororo au kamba mguuni, wakamkalisha juu ya kijiti barazani. Basi watu huuliza: Je, kasuku hawezi kukaa nyumbani bila tundu, kama kuku anavyokaa? Jibu ni kwamba anaweza. Lakini siyo kama kuku. Na kabla ya kufika huko liko swali lingine. Huyo kasuku umempata wapi?

KWANZA SHERIA

Kasuku ni mnyamapori. Ndiyo, hata ndege huhesabiwa kuwa mnyamapori katika sheria. Tanzania ina Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2013. Zote mbili zinakataza kumkamata au kumweka mnyamapori bila kibali cha serikali. Tena mwaka 2016 nchi nyingi za dunia zilikutana Johannesburg, Afrika Kusini. Zilikubaliana kwamba kasuku wa kijivu waliokamatwa porini wasiuzwe tena nchi za nje kwa biashara. Makubaliano hayo yalianza kutumika Januari 2017.

Kwa nini wakaze kamba hivyo? Sababu ni hesabu. Kati ya mwaka 1975 na 2013 kasuku zaidi ya milioni moja walitolewa Afrika wakauzwa nje. Hao ni wale walioandikwa katika karatasi za serikali. Wale waliokufa ndani ya magunia na makreti kabla ya kufika uwanja wa ndege hawamo. Huko Ghana wataalamu walihesabu wakaona kwamba tangu mwaka 1992 kasuku wamepungua kwa asilimia 90 mpaka 99. Maana yake ni hii: mahali walipokuwapo kasuku 100, wamebaki 10, au hata mmoja tu.

Kasuku haongezeki upesi. Kuku wa kienyeji anaweza kulalia mayai 10 na zaidi. Kasuku hutaga mayai machache, matatu au manne hivi, ndani ya shimo la mti mrefu. Huyalalia karibu mwezi mmoja. Makinda hukaa shimoni karibu miezi mitatu kabla ya kuruka. Sasa mtu akiukata mti ule ili apate makinda, ameharibu watoto na nyumba pia. Shimo kama lile haliwi kwa mwaka mmoja wala miwili.

Kwa hiyo mtu akipita kijijini na kinda la kasuku ndani ya kikapu, usinunue. Usimwonee huruma yule ndege ukasema, "Bora nimnunue mimi nimtunze." Ukinunua mmoja leo, kesho yule mtu ataleta wawili.

Maelezo yanayofuata ni ya mtu mwenye ndege wa halali na kibali mkononi. Yatamsaidia pia yule aliyeokota kasuku aliyeumia, akawa anangoja watu wa wanyamapori waje kumchukua.

KAMBA NI MBAYA KULIKO TUNDU

Watu hudhani kwamba kumfunga kasuku mguu ni kumpa uhuru kidogo. Sivyo hata kidogo. Mguu wa kasuku ni mfupi, una vidole viwili mbele na viwili nyuma. Umeumbwa kwa kushika tawi na kupeleka chakula mdomoni. Ndege akishtuka huruka kwa nguvu zake zote. Kamba inakaza, mguu unateguka au mfupa unavunjika.

Halafu wako siafu. Nani kijijini asiyewajua siafu? Wakiingia usiku, watu hutoka nje, mbwa anakimbia, kuku wanapiga kelele. Kasuku aliyefungwa kamba hana pa kwenda. Asubuhi utakuta manyoya na mifupa.

Wengine humkata mabawa. Kinachokatwa ni manyoya marefu ya bawa, siyo nyama. Nyoya lililokomaa halina damu, hivyo ndege hasikii maumivu. Lakini nyoya changa lina damu ndani yake, nalo likikatwa damu hutoka nyingi. Tena akikatwa bawa moja tu, akiruka anapinduka upande na kuangukia kifua. Manyoya nayo huota upya baada ya yale ya zamani kupukutika. Siku moja mwenye ndege anastaajabu kumwona juu ya mwembe, naye alidhani hawezi kuruka!

Mimi naona ni afadhali kasuku mwenye mabawa yake mazima ndani ya chumba kilichofungwa, kuliko yule aliyekatwa mabawa akawekwa barazani. Aliyekatwa hawezi kumkimbia paka.

CHUMBA CHAKE

Kasuku asiye na tundu anahitaji chumba, au sehemu ya nyumba inayofungwa vizuri. Dirishani weka wavu wa chuma. Chandarua atakitoboa mara moja, maana mdomo wake huvunja hata kokwa za michikichi. Nyaya za umeme au za sola zisipite mahali anapofika. Ataziguguna, na huo ndio utakuwa mwisho wake. Pipa la maji na ndoo vifunikwe, kwa sababu kasuku akitumbukia hawezi kuogelea.

Kitulio chake, yaani kijiti cha kukalia, kiwe tawi la kweli. Mpera unafaa sana. Usilimenye ganda, maana kulimenya ndiyo kazi yake ya kutwa. Tawi liwe nene mahali fulani na jembamba mahali pengine, ili nyayo zisipate vidonda. Chini ya kitulio tandika magazeti. (Gazeti hili pia linafaa, ila ulisome kwanza, umpe na jirani yako alisome.) Kasuku hunya mara nyingi kwa siku, na karatasi hubadilishwa kila asubuhi.

Jikoni asikanyage. Hapo pana sufuria ya moto, lakini moshi ni hatari zaidi. Ndege hapumui kama sisi. Mbali na mapafu, ana mifuko ya hewa ndani ya mwili, na hewa hupita katika mapafu yake kwa wingi bila kusimama. Ndiyo maana ana nguvu za kuruka. Lakini hewa ikiwa na sumu, sumu nayo humwingia upesi. Wachimbaji wa makaa ya mawe huko Uingereza walikuwa wakishuka mgodini na ndege wadogo wa njano. Ndege akianguka, watu walijua hewa ni mbaya wakatoka mbio. Waliendelea hivyo mpaka mwaka 1986, mashine zilipochukua kazi ile. Basi moshi wa kuni unaokukohoza wewe unamuumiza kasuku zaidi. Vikaango vyeusi visivyogandisha chakula navyo ni hatari. Vikiachwa motoni hadi vipate joto kali, hutoa mvuke usioonekana ambao huua ndege kwa muda mfupi.

Usiku je? Hapa lazima niseme kweli. Hata wanaofuga kasuku bila tundu, wengi wao wana tundu la kulalia. Mchana mlango uko wazi, ndege huingia na kutoka apendavyo. Jioni huingia mwenyewe, mlango ukafungwa, paka na kanu wasimfikie. Kasuku hulala saa 10 mpaka 12. Redio ikipiga kelele hadi usiku wa manane, kesho yake atakuwa mkali na atauma watu.

CHAKULA

Msituni kasuku hula matunda na mbegu za namna nyingi, hasa matunda ya michikichi. Nyumbani watu humpa alizeti na karanga tu kwa sababu anazipenda. Mtoto naye hupenda sukari. Alizeti ina mafuta mengi na vitamini A kidogo sana, na kasuku anayekula hiyo peke yake hudhoofika. Mpe mahindi mabichi, mtama, papai, embe, karoti, mchicha na majani ya maboga. Maharage yawe yamepikwa. Karanga zikiwa na ukungu zina sumukuvu, basi usimpe ndege wala usile wewe.

Parachichi ni sumu kwa kasuku. Narudia: parachichi ni sumu. Sisi tunalila na watoto wetu bila shida, lakini kasuku akila kidogo tu anaweza kufa. Chokoleti, kahawa, pombe na vyakula vya chumvi nyingi pia asipewe.

Kasuku wa kijivu ana tabia ya kupungukiwa na madini ya chokaa mwilini. Yakipungua sana hutetemeka na kuanguka kama mtoto mwenye degedege. Chemsha maganda ya mayai, yasage, umchanganyie kidogo katika chakula. Tena apate jua la asubuhi, maana bila jua mwili wake hauwezi kuyatumia vizuri madini hayo.

JE, ANAELEWA ASEMAYO?

Katika madarasa ya watu wazima huwa tunasema, "Msisome kama kasuku." Maana yake ni kutamka bila kuelewa. Kumbe kasuku mwenyewe tumemsingizia! Mwaka 1977 mtaalamu mmoja wa Marekani, mama Irene Pepperberg, alinunua kasuku wa kijivu dukani Chicago, akamwita Alex. Alimfundisha kwa miaka 30. Alex alijifunza maneno kama 100. Akionyeshwa kitu aliweza kutaja rangi yake na umbo lake. Aliweza kuhesabu vitu mpaka sita. Alikufa mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 31.

Sauti yake haitoki kooni kama yetu. Kifaa chake cha sauti kiko chini kifuani, pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda mapafu mawili. Ulimi wake mnene husaidia kuigeuza sauti ile ifanane na maneno yetu.

Akili hiyo ndiyo inayoleta taabu. Porini kasuku hulala pamoja kwa mamia. Akikaa peke yake nyumbani kutwa nzima, huanza kung'oa manyoya yake mwenyewe mpaka kifua kinabaki kitupu. Huo ni ugonjwa wa upweke, nao haupo dukani dawa yake. Familia ambayo wote huondoka alfajiri kwenda shambani na kurudi jioni, isifuge kasuku. Awepo mtu wa kukaa naye, kuongea naye, kumpa magunzi na vipande vya mti avitafune. Na jambo lingine la kufikiri: kasuku akitunzwa vizuri huishi miaka 40, hata 60. Mtu wa miaka 45 akianza kufuga leo, ajue nani atamrithi huyo ndege.

HOMA YA KASUKU

Uko ugonjwa ambao kasuku huweza kumwambukiza mtu. Madaktari huuita sitakosisi. Vijidudu vyake hukaa katika mavi ya ndege. Mavi yakikauka na kuwa vumbi, mtu akivuta vumbi lile hushikwa na homa, kichwa kuuma na kikohozi kikavu. Mwaka 1929 na 1930 ugonjwa huu ulienea katika nchi nyingi kutokana na kasuku waliosafirishwa kutoka Amerika ya Kusini. Siku hizi iko dawa inayouponya, lakini lazima umwambie mganga wa zahanati kwamba nyumbani una kasuku. Usipomwambia atafikiri ni malaria au homa ya mapafu ya kawaida. Unapofagia, nyunyiza maji kwanza.

Ukiokota kasuku aliyeumia, mfunike kwa kitambaa kinene ndipo umshike, maana anauma sana. Mweke ndani ya boksi lenye vitobo vya hewa, mahali penye giza na joto. Mpe maji na tunda. Halafu siku ile ile peleka habari kwa mtendaji wa kijiji au ofisa wanyamapori wa wilaya. Kwa wasomaji wa Kenya, habari hupelekwa kituo cha KWS kilicho karibu, na kwa wa Uganda, kituo cha UWA.